Mlio wa alfajiri na ndege wa matone: ni kipanga gani anayepita kihambani Kibosho?

Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, kiko karibu na ukingo wa msitu. Kwa mwezi mzima sasa, kila alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri, ninasikia mlio mkavu wa "kwit… kwit…" usiobadilika ukitoka angani, lakini nikitazama juu sioni kitu. Wiki mbili zilizopita ndege wa kahawia mwenye kifua cheupe chenye madoa kama matone alipita kwa kasi katikati ya mikahawa, akatua kwenye mti wa mruka kwa sekunde chache, nami nikampiga picha moja kwa simu. Juzi nimemwona mwingine, mdogo kuliko yule, mwenye mgongo wa kijivu iliyokolea na kifua cheupe chenye mistari myembamba ya kukingama yenye rangi ya kutu. Jirani yetu anasema wote ni mwewe na ndio wanaomaliza vifaranga. Je, hawa ni ndege wa aina ngapi, na ni akina nani? Tena mdogo wangu anadai kuona mwingine mweusi tii; je, inawezekana?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Picha yako nimeikuza mpaka ikabaki vumbi tupu, na nikiri mapema kwamba maelezo yako ya maandishi yamenisaidia kuliko picha yenyewe. Uliowasikia na kuwaona wewe mwenyewe ni ndege watatu, yaani wa sauti, wa matone na wa mistari, lakini kwa maoni yangu wote watatu ni wa aina moja: kipanga wa msituni ambaye vitabu vingi vimemwita Accipiter tachiro. Mwenye matone ni mtoto aliyekwisha kuacha kiota, mwenye mgongo wa kijivu ni dume mzima, na anayelia angani ni mmoja wa wakubwa anayetangaza kwamba eneo hilo lina mwenyewe. Nitakueleza nilivyofikia hapo, na pia ni wapi ningeweza kukosea, kwa sababu ndege huyu amewahi kuniaibisha mbele za watu.

Kwanza tuliweke sawa neno la jirani yako. Uchaggani, na hata huku kwetu Arusha, ndege yeyote anayenyakua kifaranga huitwa mwewe, na sina ugomvi na matumizi hayo tukiwa uani. Lakini anayetaka kumtambua ndege hana budi kuyatenganisha majina. Mwewe halisi ni yule wa kahawia mwenye mkia wa panda, anayeelea juu ya soko la Mbuyuni na juu ya majalala huku akiupindapinda mkia wake kama usukani. Mabawa yake ni marefu kwa sababu maisha yake ni ya mahali pa wazi. Kipanga wa msituni ameumbwa kinyume chake: mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, miguu mirefu myembamba. Bawa fupi halinasi kwenye matawi, na mkia mrefu humwezesha kukata kona ghafla na kusimama ghafla, ndiyo maana ulimwona akipenya katikati ya mikahawa bila kutikisa jani. Naye hawindi kwa kuelea. Hukaa kimya ndani ya mti wenye kivuli, akatazama kwa muda mrefu, kisha hushuka mara moja juu ya ndege, panya, mjusi, chura au hata mdudu mkubwa, na jioni huweza kukamata popo. Mtu anaweza kulima chini ya mti aliomo kipanga huyo asubuhi nzima na asijue kuwa anatazamwa.

Kwa kuwa anajificha hivyo, ushahidi wako bora kuliko wote ni ule ambao huenda uliuona hafifu, yaani sauti. Vipanga wengi wa jamii hii hunyamaza isipokuwa wakiwa karibu na kiota, lakini huyu ana desturi yake ya pekee: alfajiri hupaa juu sana na kuzunguka eneo lake, akipiga mabawa mara chache kisha akiteleza, na kila baada ya sekunde 2 au 3 hutoa sauti moja fupi, kavu, isiyo na mwangwi. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni chura wa mtini, au mtu anayegonganisha vijiwe viwili kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji. Ndege mwenyewe huwa juu kiasi kwamba kwa macho matupu ni nukta tu, na saa 11:30 alfajiri hata hiyo nukta haionekani. Hivyo usijilaumu kwa kutomwona. Mimi niliishi na sauti hiyo miaka miwili kabla sijaoanisha mlio na mwenye mlio.

Lakini sauti nayo ina mitego yake. Kipanga huyu pia hutoa mlio huohuo akiwa ametua mtini, kwa hiyo sikiliza kama sauti inasogea, ikikaribia na kufifia, au kama inatoka mahali pamoja. Mtego mkubwa zaidi ni waigaji. Kurumbiza, yule ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayeimba vichakani mapema asubuhi, ni fundi wa kuiga sauti za wengine, na mlamba mweusi naye hupenda kuiga ndege wawindaji. Dawa yake ni uvumilivu: mwigaji hawezi kukaa na sauti moja, baada ya muda mfupi ataingiza filimbi yake au mlio wa ndege mwingine, ilhali kipanga ataendelea na neno lake lilelile kwa dakika nyingi bila kulibadilisha wala kuharakisha. Wewe umeandika kwamba mlio huo hutoka angani, haubadiliki, na umedumu mwezi mzima. Hapo kurumbiza anaondoka kwenye orodha. Ukitaka kuhakikisha, rekodi kwa simu yako kisha linganisha na rekodi zilizo kwenye tovuti ya xeno-canto, ambayo tangu mwaka 2005 imekuwa ikikusanya sauti za ndege kutoka duniani kote na kuziweka wazi kwa kila mtu bila malipo.

Sasa tuje kwa ndege wa picha. Watoto wa kipanga wa msituni hawafanani na wazazi wao hata kidogo, na hilo ndilo linalowachanganya watu wengi. Mtoto ana mgongo wa kahawia, na upande wa chini mweupe au wa rangi ya maziwa uliotapakaa madoa meusi-kahawia yenye umbo la tone la maji, huku ubavuni yakiweza kukaribia kuwa mistari. Juu ya jicho ana nyusi iliyopauka, na katikati ya koo jeupe ana mstari mmoja mweusi wa wima, kana kwamba mtu amemchora kwa kalamu. Katika picha yako, ukiacha vumbi lile, mstari wa koo unaonekana. Unaonekana pia mguu mrefu wa njano na ncha ya bawa ambayo imeishia karibu tu na pale mkia unapoanzia. Hicho cha mwisho ndicho nilichokitafuta kuliko vyote, na nitakueleza sababu.

Yuko kipanga mwingine wa misitu yetu, Aviceda cuculoides, ambaye ni kama amezaliwa kwa ajili ya kuwasumbua watambuzi. Mkubwa wake ana kichwa na kifua cha kijivu na tumbo lenye mistari mipana ya hudhurungi, na kwa mbali anafanana na dume letu. Mtoto wake ana kifua cheupe chenye madoa ya kahawia na nyusi nyeupe, na kwa mbali anafanana na mtoto wetu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wageni kwenye msitu unaozunguka Ziwa Duluti, pale Tengeru, nikawaonyesha ndege wa madoa aliyekaa kwenye tawi, nikamtaja kwa uhakika wote kuwa huyo Aviceda, na nikaongeza maelezo marefu kuhusu chakula chake, ambacho kwa sehemu kubwa ni vinyonga na panzi. Mgeni mmoja mzee alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa upole kwa nini mabawa ni mafupi hivyo. Nilitazama tena kwa darubini na kukosa la kusema. Aviceda ni msafiri wa juu ya vilele vya miti, mabawa yake ni marefu, na akitua ncha zake hukaribia ncha ya mkia. Miguu yake ni mifupi, na kisogoni ana kishungi kidogo. Kipanga wa msituni hana kishungi, miguu yake ni mirefu, na mabawa yaliyokunjwa huacha sehemu kubwa ya mkia ikiwa wazi. Tangu siku hiyo, kabla sijatazama doa wala mstari, hutazama kwanza ncha ya bawa imeishia wapi. Ninakushauri ufanye vivyo hivyo, kwa sababu rangi hudanganya kwa mwanga na kwa umri, lakini uwiano wa bawa na mkia haubadiliki kivulini wala juani.

Kuhusu ndege wa juzi, maelezo yako yanatosha: mgongo wa kijivu iliyokolea, kifua cheupe chenye mistari myembamba ya kukingama yenye rangi ya kutu, umbo dogo kuliko yule wa kwanza. Huyo ni dume mzima. Utashangaa kwamba "mkubwa" ni mdogo kuliko "mtoto", na una haki ya kushangaa, lakini katika jamii hii jike humzidi dume kwa kiasi kikubwa. Dume wa aina hii huwa na uzito wa kama gramu 200, wakati jike aliyenawiri anaweza kukaribia gramu 500. Kwa hiyo mtoto wa kike aliyekwisha kuruka huonekana mkubwa kuliko baba yake. Mama mwenyewe, ukibahatika kumwona, utamkuta wa kahawia mgongoni kuliko dume, na mistari ya kifua chake ni ya kahawia na mipana zaidi. Ndiyo maana ukubwa ni kipimo ninachokiamini kwa shida: katika familia moja unapata ndege wa ukubwa wa hua na ndege wa ukubwa wa kuku mchanga, na wote ni wa damu moja.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiseme dume huyo ni yule kipanga mdogo ajulikanaye kwa jina lenye asili ya Kihindi, shikra, ambaye ni wa kawaida kwenye mashamba na bustani za tambarare. Shikra mzima ana mgongo wa kijivu kilichopauka, si kilichokolea. Manyoya ya katikati ya mkia wake hayana mistari wala madoa yakitazamwa kwa juu. Jicho la dume ni jekundu kama ulezi, wakati la kipanga wa msituni ni la njano. Na mlio wake ni wa silabi mbili kali, "kii-wik". Halafu kuna alama moja ndogo ambayo ningependa uizoee: ile ngozi laini iliyo juu ya mzizi wa mdomo, pale matundu ya pua yalipo. Kwa shikra mzima ni ya njano, lakini kwa kipanga wa msituni ni ya kijivu. Kwa ukaribu wa mita 20, darubini ya kawaida inatosha kuiona, na alama hiyo imenimalizia mabishano mengi. Nakutahadharisha tu kwamba mtoto wa shikra naye ana mstari wa koo, hivyo mstari huo peke yake usikutoshe.

Wengine nitawapitia haraka. Yuko mdogo wao wote, Accipiter minullus, mwenye mwili wa sentimita 25 hivi. Kinachomtoa ni udogo huo, mkanda mwembamba mweupe pale mgongo unapokutana na mkia, na madoa mawili meupe yanayong'aa kwenye mkia wenyewe. Yuko wa milimani, Accipiter rufiventris, ambaye tumbo na kifua chake ni vya hudhurungi isiyo na mistari, na huyo huwezi kumchanganya naye ukimwona kwa mbele. Na yuko mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye jicho jekundu, Accipiter melanoleucus, anayependa kujenga kwenye mikaratusi mirefu na anayeweza kubeba njiwa mzima bila taabu. Huyo wa mwisho nimemtaja kwa sababu ya jirani yako, na nitamrudia.

Neno moja kuhusu majina, maana najua utatafuta kwenye intaneti. Aina hii ilipewa jina la kisayansi mwaka 1800 na Mfaransa Daudin, na kwa muda mrefu iliwekwa kwenye jenasi (kundi la aina za karibu) ya Accipiter pamoja na makumi ya vipanga wengine wa dunia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kundi hilo lilikuwa limechanganya nasaba zisizo za karibu, na kuanzia mwaka 2024 orodha kubwa za ndege zimeligawa. Ndege wako sasa anaandikwa Aerospiza tachiro. Ukikuta kitabu kinasema hivi na programu ya simu inasema vile, usidhani ni ndege wawili. Baadhi ya wale niliowataja hapo juu nao wamebadilishiwa majina, lakini nimewaita kwa majina ya zamani kwa kuwa ndiyo yaliyomo kwenye vitabu ambavyo watu wengi wa hapa kwetu wanavyo.

Mahali ulipo pia panaunga mkono jibu langu, ingawa sipendi kuanza na mahali, kwa sababu mtu akijua ni ndege gani anayetarajiwa huishia kumwona hata asipokuwepo. Kipanga wa msituni anaishi kuanzia pwani hadi kwenye misitu ya milimani ya takriban mita 3,000, na hahitaji msitu usioguswa. Vihamba vyenu, vyenye mruka na mringaringa juu, migomba katikati na kahawa chini, kwake ni msitu wa kutosha, hasa vikiwa vimepakana na ule ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wenyeji na msitu wa mlima ulio juu yake. Huku Arusha ninamsikia kwenye miti ya kando ya mito na kwenye miteremko ya Meru, na chini kwenu yupo hata katika msitu wa Rau, karibu kabisa na mji. Anachokihitaji ni miti mikubwa yenye kivuli kizito na ndege wadogo wa kutosha chini yake.

Hapo ndipo tunapomfikia jirani na vifaranga vyake. Sitasema kwamba kipanga wa msituni hana hatia. Jike ana nguvu za kumbeba kifaranga, na mtoto asiye na ujuzi hujaribu chochote kinachotembea. Lakini chakula chake cha kila siku ni shore, hua, panya na mijusi. Ukimkuta mwizi anashuka kutoka angani mchana kweupe, akanyakua na kuendelea kuruka bila kutua, huyo ni mwewe wa mkia wa panda. Ukikuta kuku aliyekwisha kukua, si kifaranga, ameuawa na kuliwa palepale kando ya banda, mfikirie yule mkubwa mweusi na mweupe. Na kifaranga anayepotea usiku si kazi ya yeyote kati ya hawa, kwani vipanga na mwewe hulala. Huko mtafute kicheche.

Kuna jambo moja zaidi ambalo umeliuliza mwishoni mwa barua yako, kwamba mdogo wako anadai kuona mwingine mweusi tii. Asibezwe. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kipanga wa msituni ana umbo jingine la rangi, ambalo mwili karibu wote ni mweusi, na hutokea katika familia hizihizi. Yule mkubwa naye ana umbo jeusi. Ili kuwatenganisha, mwulize mdogo wako kuhusu jicho, kama lilikuwa la njano au jekundu, na kuhusu ukubwa akilinganisha na kunguru wa kola nyeupe: yule mkubwa, hasa jike, hukaribiana na kunguru huyo, ilhali kipanga wa msituni, hata jike, ni mdogo kuliko kunguru kwa namna inayoonekana.

Kwa sasa fanya mambo mawili. Alfajiri simama mahali penye uwazi, ukitazama upande wa mashariki ambako mbingu hutangulia kuwa nyeupe, na usihangaike kuifuata sauti kwa kichwa. Tazama sehemu moja ya anga na umsubiri apite, kwa kuwa anazunguka na atarudi. Mchana sikiliza chini ya ule mruka. Watoto wa kipanga, hata baada ya kuruka, hukaa karibu na kiota kwa wiki kadhaa wakililia chakula kwa filimbi nyembamba ya kulalamika, na wazazi huwaletea mawindo yaliyokwisha kunyonyolewa. Kunyonyoa huko hufanyika mara nyingi mahali palepale, juu ya gogo au tawi nene la chini, na chini yake hubaki lundo dogo la manyoya. Ukilipata, liokote lote uliweke kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, kisha umwite jirani yako mlichambue pamoja: manyoya ya kijivu na ya kahawia ya hua na shore atayatambua mwenyewe, na ya vifaranga wake anayajua kuliko mimi.